Hedifoni Nyepesi na Sauti ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Masikio yanawaka moto. Hedifoni yangu ya redio ni ya chuma na ngozi ngumu, nzito kama pasi ya mkaa. Inabana mikono ya miwani mpaka imenichimbia mifereji kichwani. Leo mteja kaja kupimwa suruali, akaniuliza nimepigwa na nani. Nikasema vibaka. Rahisi kuliko kueleza.

Jioni nimeshona mito miwili kwa sponji ya godoro kuukuu, nikaivalisha hedifoni. Fundi cherehani mzima nishindwe na masikio yangu mwenyewe? Mke wangu akasema nafanana na mtu aliyebeba mikate kichwani. Na sponji imeziba kila kitu! Nimefungulia muziki wa dansi, nikausikia kama sherehe ya mtaa wa pili mvua ikinyesha.

Jumatano, 5 Juni
Mkutano wa chama chetu cha wapenda redio. Viti havikutosha, nimesimama mimi. Mwanachama mwenzetu, Mfamasia, kaja na hedifoni mpya. Nyepesi kama unyoya! Alisahau kuwa ameivaa, akaenda nayo msalani. Wote wakacheka kwa mapenzi. Mimi nikisahau kitu naambiwa nazeeka.

Lazima niipate kabla ya Jumapili. Jumapili ni siku ya kaka. Kaka yangu anapima hali ya hewa kwenye kituo mlimani, simu haishiki, kwa hiyo kila Jumapili alasiri tunaongea kwa redio. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema ana jambo zito la kuniambia, kisha mkwaruzo ukammeza.

Alhamisi, 6 Juni
Hila imefaulu! Nimepita duka la dawa nikamweleza Mfamasia, kwa uso wa huruma, kwamba hedifoni nyepesi haisukumi damu utosini, na nywele zikikosa damu zinakata tamaa. Upara wake unakuja kwa kasi. Akasema kumbe, basi tubadilishane, maana ile yake ni ya muziki na yeye alikuwa akitafuta ya kusikia maneno. Nikamwambia nafanya hivi kwa ajili ya afya yake tu. Akazunguka nyuma ya rafu. Nikamsikia akikohoa, au akicheka.

Nimesikiliza magitaa mchana kutwa kwa raha zangu. Nimeshona zipu ya suruali ya yule mteja upande wa nyuma.

Jumapili, 9 Juni
Kaka aliingia hewani. Hedifoni raha tupu, kama hakuna kitu kichwani. Na kweli hakikuingia kitu! Besi inavuma kama jenereta, na chini yake kaka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikaambulia "shemeji yako". Nikaambulia "mizigo". Nikaambulia "asubuhi".

Ningeweza kusema sikusikia. Lakini wanachama wote husikiliza masafa yetu Jumapili, Mfamasia akiwa wa kwanza, nami nimejisifu kwa kila mtu. Nikakisia kwamba shemeji, mke wake, amerudi safari na zawadi. Nikajibu kwa shangwe kwamba hongera sana kaka, na umevumilia mno!

Mkwaruzo tu.

Jumatatu, 10 Juni
Mfamasia kaja kwenye cherehani yangu, uso umemshuka. Akanishika mkono, akasema pole. Nikauliza pole ya nini. Ile hedifoni yangu nzito imempa kila neno: shemeji amefunga mizigo asubuhi akaondoka, kaka yuko peke yake kule juu, hali wala halali, na alitaka kujua kama anaweza kuja kukaa nasi kwa muda. Nami nikampongeza.

Mke wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Alikwenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Nimemwita kaka hewani tangu mchana. Hajibu. Nikarudi kwenye kazi, nikashika sindano, tundu lake silioni.

Jumapili, 16 Juni
Mfamasia kanirudishia hedifoni yangu bila neno. Afadhali angenisema. Mke wangu kaniagiza jambo moja tu: nimwambie kaka kwamba sikusikia, nimwombe radhi, basi.

Alasiri kaka akapatikana! Nilimsikia kama yuko chumbani. Nilisikia hata pumzi zake, zikija mbilimbili, nikadhani ni mwangwi. Akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, ulinipongeza kwa nini?"

Maneno ya mke wangu yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Kisha aibu ikanibana. Mtu wa redio miaka yote hii aseme hakusikia? Nikasema nilisikia vizuri sana, ila nilimaanisha afadhali ameondoka, maana tangu mwanzo mwanamke yule sikumpenda. Mkali. Mchoyo. Na akiimba, mbwa wanahama.

Kisha sauti ya kike, karibu kabisa na kipaza sauti. "Ahsante, shemeji. Nimerudi juzi."

Jumatatu, 17 Juni
Mke wangu amehamishia sahani yake jikoni. Anasema redio iko palepale mezani, nimwite kaka, niseme ukweli, nimalize. Hajui mambo ya redio huyu.

Nimepata njia bora. Nitasema aliyezungumza jana si mimi. Kuna mtu kaingilia masafa yetu, sauti yake inafanana mno na yangu, muongo mkubwa, hana haya. Hata mimi namchukia. Kilichobaki ni shahidi tu.

Nimekwenda duka la dawa. Mfamasia kanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama siku hizi napata usingizi.

Hajakataa!