Ulaya kwa Treni, na Mkungu wa Matoke

Alhamisi, 9 Oktoba

Viza zimetoka. Yangu na ya Yowasi, siku moja. Nimeiangalia picha yangu kwenye ile viza mara chungu nzima. Sura ya msafiri hasa.

Mpango ni wa Yowasi, nakubali, ila akili ya utekelezaji ni yangu. Yeye ni mlinzi huku kwa Waarabu, kwenye jengo moja kule Jumeirah Village Circle. Mganda, mpole, rafiki yangu tangu siku tuliyogombania kiti kimoja kwenye metro tukaishia kusimama wote wawili. Tunaondoka Ijumaa ijayo. Kila mtu na begi moja la mgongoni, tiketi ya treni ya kuzungukia miji, hosteli za vitanda vya juu kwa juu. Tunatua Milano, halafu treni ya kupanda milima yenye theluji. Hiyo treni ndiyo roho ya Yowasi. Kazini wamemweka maegesho ya chini ya ardhi, hana hata dirisha, na ukutani kabandika picha ya treni nyekundu ikikata mlima mweupe. Likizo hii kaisubiri miaka. Akiukosa mlima safari hii, sijui ataupata lini.

Kaniomba jambo moja tu: nisimwambie mtu. Watu wakisikia unasafiri, anasema, wanaleta mizigo. Nimemwapia.

Shafik wa ofisini hatajua kitu. Shafik alikwenda Ulaya mara moja, miji mitatu, na tangu hapo hawezi kunywa chai bila kuitaja Paris. Mimi nakwenda tisa. Ataomba uhamisho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia Shangazi Amna. Huyo hahesabiki. Naishi chumba cha nyuma nyumbani kwake Al Warqa, angejua tu nisipoonekana mezani. Tumetoka sala, biriani iko katikati, nikamnong'oneza. Hata hongera hakusema. Akauliza kama nitafika Kopenhagen, maana binti wa dada yake yuko huko na hajala halua ya maana tangu aolewe. Nikasema hatufiki huko. Akasema, mwanangu, utafika tu, akaniongezea nyama.

Nilikuwa nanuna, mara akili ikawaka. Mtu ukimpelekea halua iliyotoka kwa mama yake mkubwa, atakuacha ukalale hosteli? Hathubutu. Atakutandikia, atakupikia, na asubuhi atalalamika mbona unaondoka mapema. Mzigo mmoja, kitanda kimoja. Wazungu na mabegi yao wanalala kwenye mabenchi ya stesheni kwa sababu hawana shangazi.

Yowasi sijamwambia. Nataka iwe zawadi.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana niliandika kwenye kundi la simu la watu wa nyumbani. Nasafiri Ulaya, mwenye kifurushi kidogo asione haya. Hawakuona haya.

Tangu alfajiri kengele ya mlango haijapumzika. Papa mkavu wa kwenda Hamburg. Udi na mabuibui ya Rotterdam. Bizari ya pilau ya The Hague, ya mwenye mimba, kwa hiyo haiwezi kubaki. Bi Atheer wa mtaa wa pili kaleta mbuzi ya kukunia nazi, ya mti mzito, meno ya chuma, ya binti yake aliyeolewa Malmo. Ati binti anakuna nazi kwa mashine na mama mtu hapati usingizi. Nikamwambia ni kubwa kidogo. Akanijibu kuwa inakunjika. Kweli inakunjika. Ikishakunjwa inabaki kubwa vilevile.

Sina wasiwasi. Kazi yangu ni kusimamia upakiaji bandari ya Hamriya. Nimeshaona magodoro, matairi na mafriji yakiingia chombo kimoja kwenda Unguja, na nahodha akapata pa kulala. Leo mabegi mawili yatanishinda mimi?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeipanga njia upya kufuata mizigo. Kopenhagen, Malmo, Hamburg, Rotterdam, The Hague. Vitanda vyote vimethibitishwa, na Hamburg wameahidi supu. Jioni nikaenda kwa Yowasi kule chini ya ardhi kumpa habari. Nilikuwa najichekea njia nzima.

Hakucheka. Aliiangalia ramani, akaigeuza, akaiangalia tena. Akauliza mlima uko wapi. Nikamwonyesha kwamba hatujauacha kabisa. Tunatoka Milano usiku na tunapita chini yake, kwenye tundu refu sana, la kisasa. Akauliza, chini? Nikasema chini. Akatazama zile nguzo za maegesho, akatazama ile picha yake ukutani. Halafu akasema, sawa, sir.

Sir! Hivyo ndivyo anavyowajibu wenye magari. Mimi siku zote ananiita ndugu.

Nimenunua mishikaki njiani nikala peke yangu. Haikuwa na ladha. Roho inaniuma na sitaki kusema uongo humu.

Jumatano, 15 Oktoba

Shafik kajua. Yuko kwenye kundi, nilisahau. Nilitegemea wivu, akanipongeza, jambo lililoniudhi zaidi. Kisha katika kuropoka kwake akasema mama yake mdogo, Jalia, ameolewa na Mswisi na anakaa mji mdogo chini ya milima. Ati akiwa jikoni anaiona treni nyekundu ikipanda.

Mzigo mmoja wa Jalia, na mlima unarudi kwenye njia. Tena kwa haki.

Tatizo, Shafik hana mzigo. Anasema twendeni tu, atampigia simu, mama mdogo anapenda wageni. Twendeni tu vipi? Niingie nyumba ya mtu nisiyemjua, mikono mitupu, nivue viatu nikae? Mimi nimelelewa. Ikabidi nimwombe anipe mzigo. Nimembembeleza Shafik, mbele ya ofisi nzima, anipe kitu cha kubeba. Alinifaidi. Alinisimulia Paris mwanzo mwisho, hadi ile sehemu ya njiwa, ndipo akakubali.

Jioni akaleta mkungu wa matoke, zile ndizi za kupika. Mzima, mbichi, umefika na ndege kutoka Entebbe.

Nikampigia Yowasi kwamba mlima umerudi. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaniita ndugu. Akauliza mzigo wenyewe ni nini. Nikasema chakula kidogo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepakia. Begi langu limejaa kabla sijaweka nguo, kwa hiyo nguo nimeziacha. Papa kaenda kwenye begi la Yowasi, na halua, na mbuzi. Alikuja na begi lake limepangwa vizuri kijeshi, soksi zimeviringwa. Nikaomba nusu. Baadaye nikaomba yote. Alitoa nguo zake moja moja, akabaki na koti la baridi mkononi, lile alilopewa na madam mmoja wa ghorofa ya juu. Mkungu tumeutia kwenye gunia.

Shangazi Amna katusomea dua. Kaongeza na chupa ya achari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kaunta ya uwanja wa ndege. Dada mmoja, Annah, Mkenya, ana adabu zake. Alitabasamu, akatazama mizani, akaacha kutabasamu. Akasema tupunguze. Nikamweleza mimi ni mtu wa shehena, najua mizani, huenda yake imechoka. Akapima na la Yowasi. Akapima na gunia. Akasema pole pole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba kaunta inafungwa, tuache mizigo au tuiache ndege.

Nikafungua mabegi sakafuni. Nikavaa buibui moja juu ya shati, kupunguza uzito. Nikamwomba Yowasi avae la pili. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga picha. Nikashika halua nikaona uso wa shangazi. Nikashika mbuzi nikaona uso wa Bi Atheer. Nimewaahidi wote hawa. Nitarudi vipi Al Warqa niwaambie niliimwaga mizigo yao uwanjani?

Nikainua macho. Yowasi hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama ubao wa ndege, koti mkononi. Angesubiri hapo hadi ndege iondoke na bado asingelalamika.

Basi nikatoa papa. Nikatoa mbuzi, halua, achari. Nikarudisha nguo zake, soksi na zote, nikamfungia zipu mwenyewe. Nikamwambia atangulie, mimi na mizigo tutakuja. Akakataa. Nikamwambia yalla, khalas, nenda. Akanikumbatia mbele ya watu, mimi niko ndani ya buibui, akaniita ndugu, akaenda.

Nilikaa juu ya gunia la matoke nikalia. Kidogo tu. Annah akaniletea maji.

Jumatatu, 20 Oktoba

Picha imefika. Theluji hadi juu, na ukingoni mwa picha ubavu mwekundu wa treni unapinda na mlima. Imetikisika kwa sababu, anasema, alikuwa anarukaruka kama mtoto. Nimemwonyesha kila mtu bandarini. Hata wapakiaji. Nimefurahi kama niko ndani ya treni mimi.

Jalia kampokea kama mtoto wake. Hakuulizia mzigo. Ati matoke yanauzwa kwenye duka la nyuma ya stesheni. Huo mkungu tumeula jana hapa nyumbani, na Shafik kaja kula, na Paris tumeisikia.

Yowasi kaniandikia kwamba kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu safari nzima na hakupenda. Atanisubiri kwa Jalia hadi Jumamosi, tupande tena wote. Tiketi nimebadilisha, naondoka Alhamisi. Kasema nije mikono mitupu, tafadhali, ndugu.

Maskini, mtu mwema, ila hajui taratibu. Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi na nimeliona. Mabegi ya mgongoni. Begi la mgongoni si chombo cha safari. Leo nimenunua sanduku kubwa la magurudumu, la bluu, papa na mbuzi vimo, na bado halijajaa.

Bi Edna wa nyumba ya kona kaliona likishushwa kwenye teksi. Ana cherehani ya kwenda kwa mdogo wake, Hamburg. Ni ya mkono, si ya miguu. Nimemwambia alete.