Zoezi la Tufani la Dresa Maftaha

Jumatatu, 9 Februari 1953
Heri imeniangukia! Amri imetoka Lindi: kwa kuwa tufani ya mwaka jana ilitukuta tumelala, kila hospitali ifanye zoezi la maafa. Daktari amesema nilipange mimi, nilipime mimi. Mimi, Maftaha, mfunga vidonda, dresa daraja la pili! Dresa mkuu mpya atachaguliwa kwa zoezi hilo hilo. Atakayeboronga atahamishiwa zahanati ya Njinjo, ambako samaki hufika amekauka na kukata tamaa. Tuko wawili tu, mimi na Benedikto. Yeye amesema hewala, akaendelea kukunja bendeji. Masikini! Jioni nimejaza alama kabisa na kutia tarehe ya leo, nisije nikachoka siku yenyewe. Mimi tisini na sita. Benedikto kumi na moja. Ile moja ni ya ubinadamu.

Jumanne, 10 Februari
Mpango tayari. Soko limeangukiwa na mapaa. Majeruhi sita, maiti mmoja. Majeruhi ni wachezaji wa mpira, wamezoea kujiangusha. Maiti ni Mzee Likwata, mlinzi wa bohari, mwenye kipaji cha kulala. Nimempa ratili mbili za sukari. Akauliza kama mkewe aarifiwe. Nikakataa katakata. Siri ndiyo roho ya zoezi; Benedikto akishtukizwa atababaika. Nimemwagiza mzee asiinuke hata dari ikishuka, mpaka Daktari apite. Mke wangu Kazija kasema kifo hakifanyiwi mchezo. Hajui mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 11 Februari
Naandika nimelala, mguu juu ya mto.

Asubuhi ilikuwa tamu. Majeruhi walilia vizuri, mmoja kupita kiasi. Mzee Likwata nikamfunika shuka, nikamwekea kadi kifuani: AMEFARIKI. Nikaigonga muhuri. Daktari akachelewa, gari limekwama matopeni. Saa nne Mwahija mfagiaji akaiona kadi. Habari ya msiba hailazwi, ndivyo tulivyolelewa; akaipeleka kwa lori la muhogo mpaka kijijini Mitole, kwa mke wa mzee na ndugu zake.

Saa tisa lori likarudi limejaa. Bi Mboni, mke wa marehemu, mbele, analia. Mikeka, sanda, masufuria. Wawili wakauliza kaburi lichimbwe wapi. Nikaeleza kwamba ni zoezi tu. Wakanipa pole, wakasema uchungu umenichanganya.

Kisha watani! Ndugu wanalia, watani wanacheka, ndiyo kazi yao msibani. Mmoja kavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake. Wakatangaza maiti haondoki mpaka wapewe mbuzi wake mweusi. Na walikuja naye kabisa. Bi Mboni akasema wachukue. Kisu kikanolewa chini ya dirisha la wodi.

Shuka likainuka. Mzee Likwata akakaa kitako, akasema taratibu, "Mbuzi huyo ana mimba. Mwacheni."

Hakuna aliyengoja kusikia zaidi. Milango miwili, madirisha manne, yote yakajaa watu. Mimi niliyemuua kwa muhuri ndiye niliyetangulia! Nikaanguka mtaroni, watani watatu juu yangu. Majeruhi wa kweli kumi na saba. Benedikto akavua koti, akatupanga kivulini, walioumia sana kwanza. Mimi wa kumi na sita. Hapo ndipo Daktari akafika. Akamtazama Benedikto akifunga watu bendeji, akaandika, akaandika.

Alhamisi, 12 Februari
Daktari kaiomba karatasi ya alama. Akaisoma, akasoma na tarehe. Hakukasirika. Kaniuliza kwa upole nina mizigo mingapi. Benedikto, dresa mkuu, kaniletea mkongojo. Nimeona aibu, nakiri. Kazija alipokwenda kisimani nililia kidogo.

Jumatatu, 2 Machi
Njinjo. Chumba kimoja, na mhudumu mmoja, Bi Siti, ambaye bahari hajapata kuiona. Leo barua imefika: zahanati nazo zifanye zoezi, Daktari na Benedikto watakuja kukagua. Nimeruka kwa mguu mmoja kwa furaha! Kisha nikakaa, nikalitafuta kosa langu bila kujionea huruma, na nimeliona. Kazi ya ufundi nilimpa mtu asiyesomea. Maiti hodari haachi kufa kwa sababu ya mbuzi.

Safari hii nitakufa mwenyewe, Alhamisi, saa nne asubuhi. Kazija amebaki pwani. Hakuna haja ya kumsumbua kwa barua.