Nibu Inayonesa

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha parokia leo. Nimetoka na hasira mpaka nimesahau kofia. Makarius, mwenye duka la stesheneri pale Kashaulili, amesimama na kusema vyeti vya kipaimara mwaka huu achape yeye kwa mashine. Sitini na nne kwa nusu saa, tena vyenye kingo za dhahabu. Majina ya vyeti hivyo nimeyaandika mimi kwa mkono miaka ishirini na mbili! Na huyo Makarius nilimfundisha mimi kushika penseli, darasa la kwanza. Alikuwa akiishika kama mwiko wa ugali.

Padre amesema mwaka huu niandike, halafu Askofu akishaondoka wataamua. Yaani najaribiwa. Kustaafu ualimu kulininyang'anya mengi, kazi ya majina ndiyo iliyobaki. Hii nayo ikienda, hapa Majengo nitakuwa mzee mwenye kofia tu. Na kofia yenyewe sinayo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa! Kwenye simu nimemwona Mhindi akiandika kwa kalamu ya wino ya kwao, ya bei nafuu, plastiki nyeusi, sawasawa na yangu. Lakini nibu yake, kile chuma cha kuandikia, inanesa. Akikandamiza, ncha inafunguka na mstari unanenepa. Akilegeza, mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Nimeangalia mara kumi na moja, bando likaisha. Nibu yangu mimi ni ngumu kama msumari. Ila huo mstari unaopumua, Makarius na mashine yake hawauwezi.

Nimempigia muuzaji wa kalamu wa Dar. Nibu za hivyo zimeisha, mzigo mpya ni mwisho wa mwezi. Askofu anakuja tarehe kumi na saba. Basi, yangu nitailegeza mwenyewe.

Mke wangu Romana ameuliza mwandiko wangu wa siku zote una ubaya gani. Nimemwambia hajui mambo ya nibu. Amekubali kwamba hajui, akaendelea kuchambua maharage.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa Cyriaque, fundi baiskeli, mzaliwa wa Mishamo, kwenye makazi ya Warundi. Ana tupa ndogo ndogo na mkono mtulivu. Nimemweleza: tukiipunguza nibu mabega, itanesa. Nibu ya kwanza imekatika. Cyriaque akaniuliza kwa upole kama nina hakika mgonjwa alikuwa anaumwa. Nikampa ya pili, ya akiba. Tumesugua kidogo kidogo, mimi nikimwelekeza. Inanesa!

Pesa amekataa. Ameomba nimwandikie jina la mama yake, Libérate. Nikaliandika lote kwa mikunjo, L ikiwa na mkia uliozunguka ukarudi. Ameliangalia kwa muda mrefu. Amesema ni zuri sana. Kisha akauliza limeandikwa nini.

Hiyo ndiyo sanaa, inamwacha mtu na maswali.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyanzala amekuja. Bibi wa Kisukuma, alihamia huku na ng'ombe zamani, sasa ana miaka sabini na mitatu. Atapokea kipaimara pamoja na watoto. Ni mwanafunzi wangu kwenye darasa la watu wazima. Miezi mitano alilifuata jina lake ubaoni kwa kidole, mpaka siku moja akalisoma. Ndilo neno pekee analolisoma. Kikaratasi nilichomwandikia siku ile bado kipo kwenye fundo la kanga yake.

Kilichomleta ni swali moja: hicho cheti naandika mimi mwenyewe, au ile mashine ya Kashaulili? Maana, amesema, maisha yake yote karatasi zake amesomewa na watu wengine. Cheti hiki anataka akitambue mwenyewe. Nimemwahidi jina lake kwa mwandiko ambao hajapata kuuona. Akanishukuru kwa mikono miwili. Ualimu una siku zake.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika vyote! Nibu inakunywa wino kama ng'ombe wa kiangazi. Nikikandamiza sana, mstari unapasuka kuwa miwili, katikati patupu, kama reli ya kwenda Tabora. Nikarudia juu yake, wino ukawa dimbwi. Havikauki. Nikavianika uani kwenye mkeka.

Romana anasema aliniambia kwamba mkeka ule ulitoka kuanikiwa mpunga, na punje zimebaki. Sikumbuki. Kuku wanakumbuka. Nilipotoka ndani walikuwa saba, wakitembea toka Ambrosi hadi Yotham, wakidonoa. Vyeti tisa vina nyayo. Kimoja kina nyayo pale pa sahihi ya Askofu, na lazima niseme ukweli, mistari yake minene na myembamba imekaa vizuri kuliko yangu.

Cheti cha Nyanzala kimepona. Ndicho kizuri kuliko vyote. N yake ina mabawa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Makarius kuomba vyeti vitupu. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Amenipa kumi, kimoja cha ziada, akaniita Mwalimu, akanipa na kiti. Ingekuwa nafuu angecheka. Nimekaa pale nikimwangalia anavyoshika kalamu. Anaishika vizuri sasa. Sijamwambia.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya kipaimara. Parokia yetu ina utaratibu wake: baada ya Misa vyeti vinapangwa mezani, kila mtu anatafuta jina lake mwenyewe. Watoto wamehangaika kidogo, wakasaidiana, wakachukua. Nyanzala amezunguka meza mara tatu, kidole mbele. Mwisho kikabaki kimoja. Agatha, katibu wa parokia, akamwambia bibi, hicho ni chako. Nyanzala akakiinamia. Akafungua fundo la kanga, akatoa kikaratasi chake, akaviweka pamoja. Akasema hapana, mwanangu, huyu ni mtu mwingine. Mwalimu amenisahau.

Nilitaka ardhi inimeze. Nimewahi kukaguliwa na maofisa elimu wakali, lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

Cheti cha ziada kilikuwa kwenye bahasha. Nikaazima Bic ya Agatha. Nikaandika kama ubaoni: herufi zimesimama, hazina mikia wala mabawa. Nyanzala akapitisha kidole. Nya. Nza. La. Akarudia kwa sauti. Kisha vigelegele! Amekikumbatia cheti na wino haujaguswa na kuku. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Makarius naye alikuwa anajifuta macho, eti vumbi.

Jumanne, 19 Agosti

Agatha ameleta habari. Wameamua vyeti viendelee kuandikwa kwa mkono, na mimi, daima! Kwa sharti uwe mwandiko wa ubaoni. Hilo la mwisho nadhani ni makosa ya katibu. Ni wazi nibu imewagusa, hawajapata tu maneno ya kulieleza jambo hilo.

Nimefikiri sana tangu Jumapili. Kosa limeonekana. Nibu haikunesa vya kutosha. Nimeagiza Dar tatu, za kunesa kabisa.

Jioni Nyanzala ameleta maziwa ya mgando. Ana ombi: nimwandikie majina ya wajukuu wake kumi na mmoja, kwa herufi zile za Jumapili, ajifunze kuwasoma wote. Nimeguswa sana. Nimemwambia asubiri nibu mpya, mwisho wa mwezi. Ameonyesha Bic iliyo kwenye mfuko wa shati langu, akauliza hiyo je? Nimecheka. Hiyo si ya majina ya watu.

Amesema, Mwalimu, mimi nina miaka sabini na mitatu.

Nimemkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka.