Zaituni na Titi Langu la Kushoto

Leo uso wangu nimeuacha uani kwa Mwamini, na sijui nitaurudia lini.

Ngojeni niwaeleze mwenyewe, wenzangu, kabla hamjasikia sokoni (maana hapa Rumonge habari hufika sokoni kabla ya samaki).

Mnajua nina mtoto mchanga, Juma. Mwamini naye ana wake, Zaituni. Mimi na Mwamini tulikuja pamoja kutoka Ujiji tukiwafuata waume, na huku hatuna shangazi wala binamu. Ndiyo maana tulipojifungua, yeye wa kike, mimi wa kiume, tuliwachumbia watoto wetu wangali na vitovu. Posa ikapelekwa, ubani ukafukizwa, wali ukaliwa. Tangu siku hiyo Mwamini haniiti jina. Ananiita "mukwe." Na mimi kila nikiitwa hivyo nilikuwa naona kama na huku nina kwetu.

Sasa. Juzi nikaamka titi la kushoto limekuwa jiwe. Jiwe kabisa! Bonge gumu upande wa kwapa, ngozi inang'aa, homa juu. (Kosa langu. Mume wangu yuko Usumbura, amepeleka mawese bomani kwa Wadachi, nami nilikuwa nimejibana kanga kifuani kwa nguvu zote ili akirudi anione binti. Binti gani, jamani!)

Nikalikanda kwa maji moto. Nikapaka mawese. Nikampa Juma anyonye, maana kila mwanamke anajua dawa ya maziwa yaliyoziba ni mtoto. Juma akaonja, akanitazama, akageuza uso. Nikamrudisha. Akapiga kelele kama namwonea. Anataka la kulia tu! Nami nikalia. Tukawa tunalia wawili.

Hapo ndipo Mwamini alipoingia na Zaituni mgongoni. Huu ni msimu wa kukamua mawese, naye hataki mtoto karibu na vyungu vinavyochemka huko Gatete.

"Amahoro, mukwe. Unishikie huyu mupaka nirudi."

"Amahoro. Umuache tu."

Akaenda. Zaituni akaamka, akaanza kutafuta. Mnamjua Zaituni, hana ubaguzi.

Nikamweka.

Wenzangu, sijawahi kupendwa vile! Alivuta kama mtu anayevuta wavu. Nilisikia mshipa unafunguka, maziwa yakashuka, jiwe likalainika. Nikamwombea maisha marefu. Sheria sikuiwaza hata kidogo. (Chuo cha Kurani nilisoma, nilikuwa naijua. Lakini maumivu yakiingia elimu hutoka.) Mchana nikampa tena.

Jana asubuhi bonge lilikuwa limerudi, na Zaituni naye amerudi. Nikampa. Mchana vilevile. Leo vilevile. Mwamini sikumwambia. Mara ya kwanza niliona haya, na mara zilizofuata niliona haya kwamba sikusema mara ya kwanza.

Basi leo alasiri, mimi mzima, kifua chepesi, nikasikia kilio kwake. Nikakimbia na Juma kiunoni. Nikakuta wanawake wamejaa uani. Mwamini ameketi mkekani, machozi yanamtoka, kifua kimevimba hadi kanga imelowa. Mwalimu wa chuo yuko pembeni anaandika kombe kwa zafarani, aya zioshwe kwa maji mtoto anyweshwe.

"Mutoto hataki kunyonya," Mwamini akaniambia. "Tangu juzi. Nikirudi nikimupa titi, anageuza kichwa. Iko na jicho, mukwe! Kuko mutu amemutia jicho!"

Moyo uliniuma. Kumbe mwenzangu alikuwa hapo anadhani mwanawe anakufa! Nikasema.

"Haiko na jicho. Ameshiba."

"Ameshiba nini?"

"Maziwa yangu."

Mwalimu akainua kalamu. Akauliza taratibu, kwa upole (sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa ananitafutia mlango wa kutokea):

"Ulimwonjesha tu, siyo? Mara moja, mbili hivi?"

Mlango ule, wazi! Mwenye akili angepita. Mimi nikaona nadharauliwa. Mimi nimwonjeshe mtoto wa mwenzangu, kama mchuzi?

"Kumuonjesha? Oya, hapana, Mwalimu! Tangu juzi, asubuhi na mchana! Kila mara mupaka anacheua!"

Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Zaidi ya mara tano, na kwa shibe. Basi kwa sheria ya dini huyu ni mwanao."

"Alhamdulillahi!" nikasema, nikicheka. (Nilicheka peke yangu.)

Mwamini akauliza kwa sauti ndogo, "Na Juma?"

"Kaka yake."

Ndipo nikaelewa. Wa mwisho uani mzima! Harusi yote ile tuliyokuwa tunaipanga tukichambua ndagala, nguo, ngoma, wajukuu watakaotuita bibi sote wawili, nimeimaliza mwenyewe kwa titi moja. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu nimemkosa, majuto ndiyo nimepewa.

"Unisamehe, mukwe."

"Usiniite mukwe tena," akasema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata nafuu. Nilijuta, wenzangu, nikakaa chini palepale.

Akajishika kifua, akakunja uso. Nilikijua kile alichokuwa anakisikia, kila kisu chake. Kisha akamtazama Juma.

"Umulete."

"Nani?"

"Mutoto wako. Wewe ulitumikisha wangu. Sasa kuko kitu gani cha kuharibika tena?"

Mwalimu akageukia ukuta. Nikampa Juma huku nikiomba moyoni asimkatae. Tena nikaomba asimpende sana. Dua ya kwanza ilijibiwa! Mtoto aliyenikataa mimi mama yake alishika pale kama amezaliwa pale. Akanyonya kwa sauti, macho amefumba. Bibi mmoja akaangua kicheko, uani wote ukafuata. Mabega ya Mwalimu yalikuwa yanatikisika ukutani.

Mwamini akacheka pia, huku analia.

"Tulifika huku hatuna ndugu," akasema, akimpapasa Juma kichwani. "Leo tuko nao. Lakini mimi nilitaka arusi."

"Na mimi nilitaka arusi," nikamwambia.

Basi msinicheke sana, nimechekwa ya kutosha. Ila Juma sasa hana mchumba. Mwenye binti mchanga aje tuzungumze, posa nitaleta upya. Mtoto mwenyewe tu amwache kwao.