Mtihani wa Kijapani Ndani ya Banda la Kuku

Jamani, leo nimeaibika. Na si aibu ya hapa Bariadi tu, ambayo watu wangeisahau kufikia Jumatatu. Nimeaibika mbele ya watu wa mabara matatu kwa mkupuo, wote wakinitazama kwenye simu, na mama mkwe wangu akiwa katikati ya mkasa wenyewe.

Nianze mwanzo. Mnaonifahamu mnajua nina duka la pembejeo, nauza mbegu na dawa za pamba, na nina gari la mtumba kutoka Japani. Kila nikiliwasha gari lile, kuna mama ndani yake ananiambia kitu kwa Kijapani. Sauti nzuri, ya adabu. Miaka yote nilijua ananisalimia, nami namjibu, "Mwangaluka, mayu." (Ndiyo. Nilikuwa naliamkia gari, kwa Kisukuma: umeamkaje, mama.) Siku moja nikajiuliza, hivi huyu mama anasema nini hasa? Nikatafuta kwenye simu, nikajikuta nimejiunga na darasa la wanaoanza. Nilipofika mahali pa kumwelewa, kumbe siku zote alikuwa ananiambia sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao!

Ningeweza kuacha hapo. Sikuacha, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu. Dukani mimi ndiye ninayejua. Mkulima akija kutoka Sola na jani lenye wadudu, nalitazama mara moja namtajia dawa. Kanisani ni mzee wa kanisa. Nyumbani ni baba. Miaka ilishapita mingi bila mtu kuniambia, "Hapana, umekosea, rudia." Mwalimu wetu wa Kijapani, ambaye sote tunamwita Sensei, ananiambia hivyo kila somo, na anatabasamu. Mara ya kwanza niliumia. Baadaye nikaona naisubiri. Nilidhani nimemaliza kukua, kumbe nilikuwa nimesimama tu.

Sasa leo asubuhi ulikuwa mtihani wa kuongea, wa kuvuka kwenda darasa la pili. Nimeshafeli mara mbili. Sensei alishaniambia, kwa upole wake wote, kwamba safari hii nikishindwa itabidi nianze upya na wageni kabisa. Kazi yenyewe: tembea na simu, onyesha nyumba yako, kisha umtambulishe mtu mmoja wa familia yako. Wanafunzi wenzako wote wanatazama.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikubali kutambulishwa. Alivaa kitenge kipya akaketi sebuleni mapema, mikono juu ya magoti, kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Nilianza vizuri. Wallahi nilianza vizuri! (Mzee wa kanisa anaapa hivyo, mniombee.) Nikaonyesha jiko. Nikaonyesha gari, nikaeleza habari ya kadi, darasa likacheka mahali nilipotaka licheke. Nikatoka uani nikasema, "Hawa ni kuku wangu." Sensei akaitikia kwa kichwa. Nikageuka kuelekea getini.

Geti likafunguka. Akaingia mama mkwe.

Katoka Mwandoya na basi la alfajiri, bila taarifa, kichwani kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Kwa wasio wa kwetu niwaeleze: kwa Wasukuma wa malezi yangu, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani, unaingia kwenye pamba mpaka apite. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa siku hizi wanapiga selfie na mama wakwe zao, ni sawa. Mimi na yule mama tumeheshimiana tangu nilipomwoa binti yake na sura yake siijui vizuri. Heshima hiyo ndiyo kitu pekee tulicho nacho baina yetu, na sikutaka kuiharibu hata kidogo.

Kwa hiyo nikakimbia.

Mlango wa nyumba ulikuwa upande wake. Upande wangu kulikuwa na banda la kuku. Sikufikiri, nikajikuta ndani, nimechuchumaa, simu mkononi na kamera inafanya kazi. Darasa liliona mbingu, likaona ardhi, likaona kandambili moja ikibaki nyuma, kisha manyoya.

"Maduhu-san!" Sensei aliita kwa hofu. "Ni tetemeko la ardhi?"

"Hapana," nikanong'ona.

"Ongea kwa sauti, tafadhali. Huu ni mtihani."

Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Mama mkwe katua kapu, katafuta kivuli, na kivuli kizuri kuliko vyote saa ile kiko ubavuni mwa banda la kuku. Mama Kulwa kamletea kigoda. Kaketi. Tumetenganishwa na mbao na kuku wanaotaga.

Nilitafuta maneno kichwani. Yote niliyoyakariri yalikuwa ya sebuleni. Nikasema kwa Kijapani, taratibu, "Mama wa mke wangu amekuja. Ninamheshimu sana. Kwa hiyo niko na kuku."

Darasa zima likaangua kicheko. Mbrazili mmoja alizima kamera yake kabisa. Lakini Sensei hakucheka. Akauliza, "Ni mkali?"

"Hapana. Ni mpole."

"Sasa kwa nini unajificha?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa. Si kwa Kijapani, hata kwa Kiswahili. Kuku mmoja akanipanda begani nikifikiria jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote kwa miguu bila kulipitisha kichwani. Mwisho nikasema, "Alinipa mtoto wake. Sina cha kumlipa. Basi ninampa njia."

Hapakuwa na kicheko tena. Ningefia pale ningekufa na sifa zangu.

Lakini nje nako walikuwa wanasikia.

"Mayu," mama mkwe akamwita binti yake, "humu bandani kuna mtu anaongea na kuku."

"Ni mkweo, mama."

"Anaongea lugha gani?"

"Kijapani."

"Ameanza kuumwa lini?"

Akaanza kukemea pepo! Kwa jina la Yesu, kwa sauti, akigonga mbao! Kuku wakaruka. Mama Kulwa, badala ya kunitetea, alikuwa amekaa chini anacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akasema, "Mama, mwache, yuko kwenye mtihani. Anasoma."

"Na mvi zile?"

"Na mvi zile."

Kukemea kukakoma. Nikasikia akisema, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi mwambie atoke akamalize. Najifunika."

Akajitupia kanga kichwani, akageukia upande wa ukuta. Kwa mama wa rika lake hilo ni jambo kubwa. Roho yangu ikalainika. Nami sikutaka kuzidiwa adabu, nikatoka kinyumenyume ili nisimwone, simu mbele yangu, ikionyesha uso wangu na kila kitu kilichoko nyuma ya mgongo wangu.

Naye, kusikia nyayo, akanyanyuka anipishe. Kinyumenyume. Na kanga usoni.

Darasa liliona yote. Mimi sikuona kitu. Ghafla wote wakaanza kupiga kelele, kila mmoja kasahau Kijapani na anapayuka kwa lugha ya kwao, na mimi nikadhani wananishangilia. Nikatabasamu. Nikazidisha mwendo.

Mgongo kwa mgongo. Pu!

Michembe ikamwagika uani. Kuku wakaikimbilia. Nilichokikwepa tangu siku ya harusi nimekifanya moja kwa moja, mbele ya mashahidi, tena kwa kasi!

"Pole, baba," akasema chini ya kanga. Neno la kwanza kuniambia mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Nami, kwa kiwewe, nikainama mpaka kiunoni nikapaza sauti: "Gomen nasai!" Yaani nisamehe, kwa Kijapani. Kisha nikakimbilia chumbani.

Sensei amenivusha darasa la pili. Amesema nilipokuwa bandani ndipo kwa mara ya kwanza nilisema kitu changu mwenyewe, si cha kukariri. Nimefurahi. Nimelia kidogo pia, acheni.

Bado niko chumbani. Mama mkwe yuko sebuleni. Amemwuliza binti yake lile neno nililompigia kelele lina maana gani, akaambiwa. Akafikiri kidogo. Kisha nikamsikia amesogea mpaka mlangoni kwangu, uliofungwa, akauliza, "Na anayesamehe huwa anajibuje?"

Nikamwambia, "Daijobu." Haina shida.

"Daijobo."

"Hapana, mama. Umekosea. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Tumo kwenye somo hili nusu saa sasa, mlango katikati, na chakula changu kimepoa upande wake. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke polepole, tusipoteze mwanafunzi.