Jemadari Kala Samaki Wabichi

Jumanne, 4 Machi

Jamani! Nimegeuka kufunga bomba tu, karai tupu! Samaki wangu watatu, wabichi, na vichwa vyao, wamo tumboni mwa Jemadari, mbwa wa jirani yangu fundi cherehani. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mbwa kawasikia.

Fundi kaja mbio, futi ya kupimia shingoni, analia kwamba miba itamtoboa Jemadari wake matumbo. Anataka daktari. Nikamuuliza daktari gani tena, na mzazi wa daktari nimesimama hapa? Binti yangu ana wiki tatu nzima mafunzoni kliniki ya mifugo! Akili hiyo kairithi kwa nani?

Mwiba ukikwama, dawa ni tonge kavu. Nikamlisha mkate mzima. Kisha wa pili, maana koo la mbwa ni refu.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu! Jemadari kalala ubavu, tumbo kama ngoma. Muuza maziwa kapita, hajabwekewa! Fundi kasema mbwa akifa, nisikanyage kwake tena. Miaka kumi na miwili ya ujirani! Nimemwambia hiyo ni dawa inafanya kazi.

Nimempigia binti kwa mafumbo: mbwa wa mtu mmoja, mbali huko. Kasema asitapishwe, asilishwe chochote, aletwe kliniki sasa hivi. Mkate wa tatu ulikuwa mkononi.

Tumempeleka kwa toroli. Nikajibanza nyuma ya mlango. Binti kapapasa tumbo, kauliza kala nini. Fundi kataja samaki, kataja mikate. Binti kapaza sauti mbele ya mkubwa wake wa kazi: “Hayawani gani kamshindilia mbwa mikate miwili?”

Fundi kaninyooshea kidole.

Binti kaganda, mkono bado tumboni kwa mbwa.

“Shikamoo, mama.”

Ijumaa, 7 Machi

Jemadari karudi, kabweka! Picha ya tumbo imeonyesha miba imepita yenyewe. Kilichovimba ni mkate. Fundi hanisalimii bado. Atachoka.

Lakini sauti ile ya binti yangu! Hakutetereka! Kaniita hayawani, na kwa daktari wa wanyama hiyo si heshima? Huyo ndiye samaki niliyemkunja mimi.

Mwenye duka kaja sasa hivi anahema: paka wake kameza uzi wa fundi. Nimemwambia asihangaike kwenda kliniki. Mkate wa tatu bado upo.