Yeyote Atakayekalia Kiti Changu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mwingine. Nimehudhuria semina ya bure ya sheria ya mikataba kwa wafanyabiashara wadogo, katika ukumbi ulio nyuma ya benki. Niliondoka wakati wa mapumziko ya chai, maana nilikuwa nimeshaelewa. Mtu anatoa pendekezo, mwenzake analikubali, kila mmoja anatoa kitu, basi, mkataba huo! Sehemu ya pili ilihusu makosa ya kuepuka. Niliwaachia wenye makosa.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: pendekezo unaweza kulitoa kwa dunia nzima. Ukitangaza zawadi kwa atakayefanya jambo fulani, anayelifanya amekubali kwa kitendo. Hakuna kusaini, hakuna kupeana mikono. Nikaiona dunia nzima imesimama mbele ya karakana yangu. Nikaiona na sura ya Chuma.

Chuma ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Anachomelea viti vya chuma. Kila mteja anayesimama kwangu, yeye humwita na kumwambia viti vyangu vya mbao ni vya kutazama tu. Wiki iliyopita alinipokonya oda ya shule nzima. Mke wangu anasema tukiendelea hivi tutafunga. Karakana ni ya marehemu baba. Sina kingine.

Jumanne, 4 Machi

Ubao tayari! Herufi nyekundu, zinasomeka mpaka kwa Chuma: YEYOTE ATAKAYEKALIA KITI CHANGU KIKAVUNJIKA, KARAKANA HII NI YAKE.

Mke wangu ameusoma mara mbili akauliza kama nina homa. Nikamweleza kuwa ni mbinu. Akauliza kiti kipi. Nikamjibu chochote, mkataba mzuri haubani watu. Akashauri niandike walau "kiti hiki". Mke wangu anapenda sana vitu vidogo vidogo.

Kiti cha maonyesho nimekiweka mbele ya ubao. Ndani ya miguu nimekitia nondo. Nondo nimenunua kwa Chuma mwenyewe, nikamdanganya ni za kitanda cha mgonjwa. Amenipa pole ya mgonjwa. Nilipofika ndani nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Mwenye bucha amekikalia. Akarukaruka. Kiti hata kulia hakikulia. Watu wakashangilia, na kabla ya adhuhuri nimepata oda tatu. Mwalimu wa hesabu amekikalia na mkewe mapajani. Kimya.

Chuma naye akavuka barabara. Akakikalia, akajitikisa, akainama akachungulia chini kwa muda mrefu. Kisha akausoma ubao, midomo ikicheza. Akanipa kisogo, akarudi kwake. Nimekipenda sana kile kisogo chake.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Nimefungua mlango nikakuta mstari. Kila mtu ana kiti changu kilichovunjika. Fundi saa kaja na kiti cha miaka kumi. Mwenye bucha kaleta mgongo peke yake, eti kilichobaki kilishakuwa kuni. Wote wanadai karakana. Chuma anawapanga, anawagawia maji ya kunywa, anawapa pole.

Na mbele kabisa, mama mkwe! Kiti mkono mmoja, mguu wa kiti mkono mwingine. Ni kimoja kati ya vile sita nilivyompa siku ya harusi yetu. Nilivitengeneza kwa mbao za makasha ya matunda, nikavipaka rangi ya mbao ngumu. Sikutegemea viishi muda mrefu hivi.

Akaniambia kwa upole, mkwe wangu, hiki kilinivunjikia mbele ya wageni, nikaanguka na sinia la chai. Nikamwambia pole sana, mama. Akasema hakuja kutafuta pole, pole anazo nyumbani.

Nikafunga mlango. Nimeshinda ndani mchana kutwa, nimekaa juu ya randa bila kujua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa wakili, juu ya duka la dawa. Nimemlipa kigoda. Hakukikalia. Amekiweka pembeni, akakitandika gazeti.

Lakini kanifufua! Anasema mtu hawezi kukubali pendekezo asilolijua. Waliovunja viti kabla ya ubao kuwapo hawana chao. Nimeshuka ngazi nikiimba. Nikasimama juu ya benchi langu la kazi, nikawafundisha mstari mzima sheria. Wakanizomea, wakatawanyika. Chuma alikusanya vikombe vyake vya maji.

Mama mkwe peke yake alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwa hiyo ni lazima mtu ausome ubao kwanza, ndipo akalie? Nikamwambia hasa, mama! Nikamsifu kwa wepesi wa kuelewa. Akanishukuru. Akausoma ubao kwa sauti, neno kwa neno, akamwomba fundi saa awe shahidi kwamba ameusoma. Kisha akaenda zake. Mama muungwana mno.

Jumamosi, 8 Machi

Amerudi na mkokoteni. Vile viti vitano vilivyobaki.

Akavipanga mbele ya ubao. Mtaa mzima ukatoka. Akakalia cha kwanza. Kikamhimili! Cha pili, kikamhimili! Nikapiga makofi, nikamwambia mama umeona kazi ya mkweo? Cha tatu kikatoa mlio, lakini kikasimama. Nikaacha kupiga makofi. Akarekebisha mtandio wake, akakiendea cha nne. Hata hakumaliza kukaa.

Mke wangu akakimbia kumwinua mama yake. Akamuuliza kama ameumia. Mimi hakuniuliza. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Chuma.

Nikapanda kwa wakili mbiombio na hoja tatu. Kwanza, ulikuwa utani. Akaniuliza kama utani ule ulinipatia oda. Nikasema tatu. Akasema basi haukuwa utani. Pili, naondoa pendekezo, nafuta ubao sasa hivi! Akasema ningeufuta kabla mama hajakaa, sasa ameshatimiza. Tatu, yule ni mama mkwe, na maneno ya ndugu si mkataba. Hapo akafikiri kidogo, nikapata matumaini. Akasema maneno ya ndugu jikoni mara nyingi si mkataba, ila mimi niliiandikia dunia nzima kwa rangi nyekundu, na mama mkwe naye yumo duniani.

Jumapili, 9 Machi

Nimempa mama mkwe funguo. Nimelia. Naandika hapa tu, sitarudia kusema. Nililia stoo, kati ya mapande ya mbao aliyoyaacha baba, mke wangu akanikuta na vumbi la mbao usoni. Akakaa nami. Akasema mama hataki karakana, mama amechoka kula amesimama.

Kwa hiyo tumekaa, wote watatu na wakili. Mama mkwe ametoa pendekezo lake. Nimletee viti sita visivyovunjika. Yeye na wageni wake wavikalie mlo mzima, tangu kunawa mikono hadi kushukuru. Vikihimili, funguo zinarudi kwangu na karakana inakuwa yangu kama zamani. Kwa sasa ni yake, mimi nafanya kazi tu. Nimesaini. Nimemshika mama mkono kwa mikono miwili na nimesema ahsante kutoka moyoni. Ningeweza kuwa nimepoteza kila kitu. Kuanzia leo nimeacha ujanja.

Jumatatu, 10 Machi

Chuma ni mjinga kuliko nilivyodhani!

Kaja asubuhi, mpole, kofia mkononi. Anataka kuinunua karakana yangu aweke nondo zake. Nikabana kicheko. Si yangu! Ni ya mama mkwe! Mtu anaponunua kwa asiye na kitu, si anaondoka bila kitu? Hilo silihitaji semina.

Tena nikakumbuka mkataba wa jana. Umesema viti sita visivyovunjika. Haukusema vya mbao. Haukusema vimetengenezwa na nani. Nikamwambia Chuma nitamuuzia kwa viti sita vya chuma, vizito, vilivyo bora kabisa kati ya alivyo navyo. Karakana nzima kwa viti sita! Alikubali papo hapo, hata bei hakubishania, maskini.

Wakili alipotuandikia, aliniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nikamkumbusha kuwa nimehudhuria semina. Chuma akaomba tuongeze mstari mmoja tu: kwamba karakana nitamkabidhi siku itakaporudi mikononi mwangu. Nikamwambia aongeze hata kumi. Nikasaini kwa mbwembwe, wino ukaruka.

Viti vimeshafika kwa mama mkwe. Nimevikalia vyote. Imara! Kesho mchana anakula na wageni wake, na Chuma kaomba aalikwe. Nimemwambia aje. Nataka awepo aone kwa macho yake ninapokabidhiwa funguo.